JE, ARDHI ITATETEMEKA ALHAMISI?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mhariri aliniomba shairi. Nilimjibu kwamba shairi silijui, lakini somo ninalo. Ni somo la Jiografia, na najua wako watakaosema nimepotea njia, kwani hiki ni Chama cha Kiswahili. Nawaomba mnistahimili kidogo. Somo lenyewe lilinishinda kulifundisha kwa sababu ya lugha, ndipo nikalileta hapa chamani.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa Julai mwaka jana, wakati ule wa baridi kali, ujumbe wa sauti ulienea katika simu za watu huku kwetu. Mwanamume asiyetaja jina lake alisema ati wanasayansi wa ng'ambo wamegundua kwamba Alhamisi usiku, kati ya saa nane na saa tisa, tetemeko kubwa litapiga Bonde la Ufa na kuigawa Kenya vipande viwili. Akasema kila atakayeupata ujumbe huo awapelekee watu ishirini. Watu wakapelekeana.

Nyanya yangu anakaa Subukia. Hana simu ya kisasa, lakini jirani alikuja akamchezea ujumbe ule mara mbili. Alhamisi ilipofika nyanya alitoa magodoro nje, akafunga turubali kwenye miti ya uani, akalala hapo pamoja na wajukuu watatu wadogo. Subukia, mwezi wa Julai! Usiku ukapita. Ardhi haikutikisika hata kidogo. Ijumaa binamu yangu wa miaka minne akaanza kukohoa, na Jumapili akalazwa hospitalini kwa nimonia. Alikaa huko siku tisa. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mtamba mmoja aliuzwa ili kulipa gharama.

Nilipokwenda kumtembelea nyanya nilikuwa nimekasirika, na kwa ujinga wa ujana nikamwuliza, "Nyanya, mbona ukaamini mambo ya simu?" Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mjukuu wangu, lisemwalo lipo, kama halipo li njiani laja. Hapa ardhi ilishatetemeka. Mama yangu alikuwa msichana. Alinionyesha kwa kidole mahali ilipopasuka."

Nikanyamaza. Katika Kidato cha Pili tulisoma matetemeko, nikapata alama nzuri kabisa. Niliweza kutaja Japani, nikataja na California. Lakini kwamba kulikuwa na tetemeko pale pale nyanya anapolima viazi, hilo sikulijua.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa Jiografia swali hilo. Naye hakunijibu, aliniambia, "Njoo chumba cha tarakilishi baada ya masomo, utafute mwenyewe." Chumba chetu kina mashine kumi na moja, na saba kati yake hufanya kazi siku umeme unapokuwa na hisani. Sisi ni wanafunzi wa kutwa na matatu hazingoji, kwa hiyo tulikuwa na nusu saa tu kila tulipokutana. Tulianza wawili. Kufikia mwisho wa muhula tulikuwa kumi na wanne tukibanana kwenye mashine saba. Haya ninayoandika ndiyo tuliyoyapata huko.

Tulianza na ramani ya matetemeko ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, ambayo watu hufupisha kwa herufi nne: USGS. Haidai malipo wala nywila. Ukiifungua unaona dunia nzima, na juu yake miduara. Ukubwa wa mduara huonyesha nguvu ya tetemeko, na rangi yake huonyesha kama ni la saa hii, la jana au la wiki iliyopita. Tetemeko kubwa likitokea popote duniani, mduara wake huonekana humo baada ya dakika chache. Kwa hiyo mtu akikuambia asubuhi kwamba jana usiku ardhi ilitetemeka mahali fulani, huna haja ya kubishana naye. Unafungua, unatazama.

Jamani, mara ya kwanza nilipoitazama nilikosea vibaya. Niliona California na Alaska zimejaa miduara midogo kama mchele uliomwagika, na Afrika nzima ikiwa karibu tupu. Nikatangaza kwa sauti kwamba Afrika haina matetemeko. Mwalimu akacheka. Akanieleza kwamba Marekani wametandaza vipimatetemeko vingi sana nchini mwao, na ramani yao huonyesha hata matetemeko madogo ya kwao. Huku kwetu yale madogo hayawekwi. Yanayoonekana mengi ni ya 4.5 kwenda juu. Kumbe ramani inaweza kusema kweli na bado ikakupoteza, ukisahau kuuliza nani aliyepima na alipima wapi. Nadhani hilo ndilo jambo kubwa nililojifunza kwenye mashine ile, na halimo katika kitabu changu cha Jiografia.

Sasa, ramani hiyo ina mahali pa kurudisha tarehe nyuma. Unaandika mwaka unaotaka, unachora mstatili juu ya nchi unayotaka, unangoja. Tulichora mstatili juu ya Kenya na kurudi nyuma, tukarudi, tukarudi. Intaneti ilikuwa ikikokota miguu siku hiyo. Hatimaye ukatokea mduara mkubwa: tarehe 6 Januari 1928. Subukia.

Nilihisi nywele zikinisimama. Kisha nikatafuta habari zaidi. Tetemeko la Subukia lilikuwa la nguvu ya 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini Kenya. Liliacha ufa juu ya ardhi wenye urefu wa takriban kilomita 38, kando ya ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa kuelekea Laikipia. Mama wa nyanya hakuwa akimsimulia hekaya.

Hapa pana mtego wa saa. Karibu niandike kwamba tetemeko hilo lilitokea saa moja na nusu jioni, kwa sababu ramani iliandika 19:31. Ramani hizi hutumia saa ya dunia, ile ya Greenwich, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. 19:31 ni 22:31 kwa saa zetu za siku hizi, na kwa Kiswahili ni saa nne na dakika thelathini na moja usiku. Basi ukisoma saa kutoka tovuti ya wageni, kwanza ongeza tatu, halafu ukumbuke kwamba Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Wenzangu wawili walipata alama sifuri katika zoezi kwa kusahau hilo, na mmoja wao ni mwenyekiti wa chama hiki (sitamtaja).

Nguvu ya tetemeko nayo ina hesabu yake inayodanganya jicho. Mtu akisikia 5.9 na 6.9 huona tofauti ndogo tu ya moja. Sivyo. Kila unapopanda namba moja, mtikiso wa ardhi huzidi mara 10, na nishati inayotoka huzidi takriban mara 32. Mnamo Julai 2007 kulikuwa na mfululizo wa matetemeko yaliyotoka upande wa Ziwa Natron nchini Tanzania. Kubwa kati yake lilikuwa la 5.9, na Nairobi watu walitoka mbio katika majengo marefu. Wazazi wetu wengi wanalikumbuka. Sasa lile la Subukia lilitoa nishati mara 32 ya hilo. Nilipomweleza mama hesabu hiyo aliacha kukata sukuma wiki.

Yale ya 2007 yana mkia mzuri kwa wanaopenda Jiografia. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo mlima Ol Doinyo Lengai, ulio karibu na ziwa hilo, ulianza kulipuka kwa kishindo. Miamba iliyoyeyuka ilikuwa ikijipenyeza chini ya ardhi, na ilipokuwa ikijipasulia njia ndipo ardhi ikatikisika. Katika kitabu volkeno ziko sura moja na matetemeko sura nyingine, kana kwamba hayajuani. Ukitaka kusoma juu ya volkeno zetu, taasisi ya Smithsonian ya Marekani ina orodha ya volkeno za dunia nzima, na Kenya tunazo nyingi humo: Menengai, Longonot, Suswa, Paka, Silali na nyinginezo. Kiingereza chake ni kigumu, lakini picha zinasaidia.

Tuje kwenye swali lenyewe: je, yule bwana wa ujumbe wa sauti angeweza kujua habari ya Alhamisi saa nane usiku?

La. USGS wenyewe, wenye mashine hizo zote, wanasema waziwazi kwamba hakuna mwanasayansi yeyote, wao wakiwemo, aliyewahi kutabiri tetemeko kubwa. Kutabiri maana yake ni kutaja siku, mahali na nguvu. Wanachoweza ni kukadiria, yaani kusema kwamba katika eneo fulani, kwa muda wa miaka kadhaa ijayo, kuna uwezekano wa kiasi fulani. Ni kama mkulima wa Subukia anavyojua kwamba mvua ya mawe itanyesha siku moja, ila hawezi kukuambia itanyesha Jumanne. Kwa hiyo ujumbe wowote unaotaja saa ya tetemeko ni uongo hata kabla hujausikiliza hadi mwisho. Hapo naona methali ya nyanya ina hatari. Lisemwalo lipo, sawa, hata ardhi ya Subukia inaweza kutetemeka tena. Lakini aliyesema Alhamisi alibuni Alhamisi.

Wapo watakaonipinga wakisema, mbona Japani na Mexico watu huonywa kwa simu na ving'ora? Ni kweli huonywa. Lakini huonywa tetemeko likiwa limekwisha kuanza, sekunde chache kabla mtikiso mkubwa haujawafikia. Ili kuelewa hilo lazima tuyajue mawimbi, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mwamba unapokatika chini ya ardhi, hutuma wajumbe wawili kwa wakati mmoja. Mjumbe wa kwanza ana mbio. Husukuma na kuvuta mwamba kama watu wanaosukumana kwenye foleni, naye husafiri karibu kilomita 6 kwa sekunde katika miamba ya juu. Mjumbe wa pili hutikisa mwamba kwa upande, kama kamba inavyopigwa na watoto wanaoruka, naye huenda polepole, karibu kilomita 3.5 kwa sekunde. Vitabu vyetu huwaita P na S. Mimi nawaita wimbi la kwanza na wimbi la pili, kwani hiyo ndiyo maana ya herufi zenyewe. Wimbi la kwanza aghalabu ni dogo. La pili ndilo huleta uharibifu zaidi. Ving'ora vya Japani humsikia mjumbe wa kwanza, vikapiga kelele kabla wa pili hajafika.

Chukua mtu aliye kilomita 42 kutoka tetemeko lilipoanzia. Wimbi la kwanza litamfikia baada ya sekunde 7, kwa maana 42 gawa kwa 6 ni 7. La pili litamfikia baada ya sekunde 12, kwa maana 42 gawa kwa 3.5 ni 12. Tofauti ni sekunde 5. Aliye mbali mara mbili, kilomita 84, atapata sekunde 14 na sekunde 24, tofauti 10. Mmeona? Kadiri unavyokuwa mbali ndivyo yule mwenye mbio anavyozidi kumwacha mwenzake. Kila sekunde moja ya tofauti ni kilomita 8 na ushee. Kwa hesabu ya haraka tunazidisha kwa 8.

Kipimatetemeko huandika mstari. Ardhi ikitulia, mstari umelala. Wimbi la kwanza likifika, mstari unatikisika kidogo. La pili likifika, unaruka juu na chini kama mbuzi aliyefungwa kamba. Unahesabu sekunde kati ya mtikisiko wa kwanza na mruko, unazidisha kwa 8, unapata umbali.

Umbali peke yake hautoshi, kwa sababu hauonyeshi upande. Hebu tufanye zoezi. Ni mfano niliouunda mimi, si tukio. Tuseme kuna vipimatetemeko vitatu. Cha Nairobi kimeonyesha tofauti ya sekunde 20, cha Nyeri sekunde 12, na cha Eldoret sekunde 15. Zidisha kwa 8: kilomita 160 kutoka Nairobi, 96 kutoka Nyeri, 120 kutoka Eldoret. Chukua ramani ya Kenya ambayo sentimita moja ni kilomita 20. Tia ncha ya bikari Nairobi, ipanue sentimita 8, chora duara. Tetemeko lilianzia mahali fulani kwenye mstari wa duara hilo, lakini duara linapita sehemu nyingi, hata Tanzania limeingia. Nenda Nyeri, panua sentimita 4.8, chora. Sasa maduara mawili yamekatana mahali pawili. Nenda Eldoret, panua sentimita 6, chora. Mahali pamoja tu ndipo yote matatu yanakutana, au karibu yakutane, kwa kuwa 8 ni namba ya kukadiria. Fanyeni wenyewe. Nilichagua namba hizo kwa makusudi na nadhani mmekwisha kisia yanapokutana.

Zoezi hilo halihitaji umeme. Tulipokosa intaneti kwa majuma mawili ndilo tulilofanya. Tena ukweli ni kwamba waliokuwa wakisinzia mbele ya tarakilishi waliamka walipopewa bikari.

Nilidhani vituo vya kusikiliza ardhi viko Ulaya na Marekani peke yake. Kumbe kimoja kiko Kilima Mbogo, mlima ule unaoonekana ukiwa Thika, ambao pia huitwa Ol Donyo Sabuk. Ni kimoja kati ya vituo vya mtandao wa dunia nzima, na alama yake ni KMBO. Rekodi zake huwekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzitazama kupitia shirika la EarthScope, ambalo zamani liliitwa IRIS kabla ya kuungana na jingine mwaka wa 2023. Shirika hilo pia lina michoro inayotembea inayoonyesha jinsi mawimbi yanavyopita ndani ya dunia, na mchoro mmoja wa namna hiyo ulinifaa kuliko kurasa nne za maelezo. Mashine ya Kilima Mbogo husikia hata tetemeko la Indonesia. Nikipita kwa matatu kwenda Thika kwa shangazi, siku hizi nautazama mlima ule kwa heshima.

Baada ya hapo mwalimu alitufungulia Google Earth. Hii wengi wenu mnaijua, mnaitumia kutafuta paa za nyumba zenu. Jaribuni kitu kingine. Simameni juu ya Ziwa Turkana, halafu mshuke polepole kusini mkifuata bonde: Baringo, Bogoria, Nakuru, Elementaita, Naivasha, Magadi, hadi Natron. Inamisheni picha ili mwone kuta za bonde zikisimama pande zote mbili. Kuna kifaa cha kupimia. Tulipima shimo la Menengai, lile tunaloliona kila siku hadi tumelizoea, tukapata kama kilomita 12 kwa 8. Mnaliona dogo kwa sababu mnasimama ukingoni.

Hapo ndipo tulipoangalia habari ya Suswa. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na Mai Mahiu, ikakata barabara ya kwenda Narok. Sehemu nyingine kina chake kilifika takriban mita 15. Picha zilizunguka dunia nzima, vichwa vya habari vikasema Afrika inapasuka mbele ya macho yetu. Yule bwana wa ujumbe wa sauti alizitaja picha hizo kama ushahidi wake. Wanajiolojia hawakukubaliana wote. Wapo waliosema ufa ule unahusiana na nyufa za zamani zilizo chini. Wengine wakaonyesha kwamba udongo wa pale ni majivu laini ya volkeno, na maji ya mvua yaliyachukua yale majivu kutoka chini hadi juu pakatumbukia. Darasa letu liligawanyika pia. Mimi niko upande wa mvua, kwa sababu hakukuwa na tetemeko lolote kubwa siku hizo lililotangulia ufa ule, na ramani ya USGS ipo, ukitaka hakikisha.

Lakini kwamba bonde linapanuka, hilo ni kweli na limepimwa kwa setilaiti. Mabamba mawili makubwa ya gamba la dunia yanaachana: moja liko magharibi yetu, jingine mashariki yetu. Kule Ethiopia yanaachana kwa milimita 6 au 7 kwa mwaka, na tukishuka kusini ni pungufu. Kucha za vidole hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo kucha zenu zina mbio kuliko Afrika. Tukichukua milimita 5 kwa mwaka, ili bonde lipanuke kwa kilomita moja tu zinahitajika milimita milioni moja, gawa kwa 5, ni miaka 200,000. Kenya haiwezi kugawanyika Alhamisi, wala Ijumaa.

Hadi hapo niliona nimeshinda. Nikabeba karatasi zangu zote, likizo ya Agosti, nikaenda Subukia kumweleza nyanya.

Nilishindwa dakika ya kwanza. Nilifungua mdomo, maneno yaliyotoka yalikuwa ya Kiingereza, kwa sababu Jiografia tunasomeshwa kwa Kiingereza na tovuti zote nilizotaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Nilijua kila kitu na sikuweza kumwambia mtu anayekihitaji. Nyanya alingoja kwa adabu. Mwishowe akasema, "Basi kunywa chai kwanza."

Ndiyo sababu niliomba nafasi chamani muhula wa tatu. Tulikaa Ijumaa nne na kamusi, tukatafuta maneno. Tetemeko la ardhi lilikuwepo tayari, na zilzala pia, ambalo wenzetu wa pwani wanalijua zaidi. Kitovu cha tetemeko tulikipenda sana, kwani kitovu kila mtu anacho. Kipimatetemeko tulikubaliana bila ugomvi. Mabamba ndiyo yaliyotupa taabu: wengine walitaka sahani, lakini mwanachama mmoja akauliza kama sahani hizo zimeoshwa, kicheko kikavunja mkutano, tukabaki na mabamba. Kuna Wikipedia ya Kiswahili ambayo ina makala juu ya tetemeko la ardhi, na kila mtu ana ruhusa ya kuiongezea. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nayo ina maktaba yake mtandaoni, Kenya Education Cloud, ambayo walimu wetu huchota humo. Natamani siku moja niione ramani ya matetemeko yenye maandishi ya Kiswahili. Kwa sasa tumeandika karatasi mbili za maelezo, tukaziambatisha kwenye ramani tuliyoichapisha, nayo imebandikwa nje ya chumba cha tarakilishi. Anayetaka nakala aje na shilingi tano za karatasi.

Desemba nilirudi Subukia. Safari hii nilichora maduara matatu uani kwa kijiti na kamba, nyanya ameketi kwenye kigoda, watoto wakishika ncha ya kamba. Nairobi ilikuwa jiwe, Nyeri kopo, Eldoret gunzi la mahindi. Maduara yalipokutana karibu na miguu yake, alitazama chini akasema, "Ni hapa." Nikamwambia ndiyo, na kwamba mwaka ulikuwa 1928, na kwamba mama yake alikuwa shahidi wa tetemeko kubwa kuliko yote yaliyoandikwa Kenya. Alinyamaza sana. Kisha akaniuliza kama itatokea tena. Nikasema inaweza, ila siku haijulikani kwa mtu yeyote, na atakayemtajia siku asimfungulie mlango. Nikamwambia watu wa matetemeko wanashauri kuweka viatu na tochi karibu na kitanda, kwa sababu vioo vikivunjika usiku mtu hukanyaga. Na kabati zito la vyombo lisikae juu ya vichwa vya watoto.

Tulilisogeza kabati jioni ile, binamu yangu wa nimonia akiamrisha. Viatu vya nyanya viko chini ya kitanda chake hadi leo, na tochi imo ndani ya kimoja. Ila bado ana swali moja ambalo sikuweza kulijibu, nami nimeahidi kumwuliza mwalimu: hiyo mashine ya Kilima Mbogo, ng'ombe wakipita karibu nayo, itajuaje kwamba si tetemeko?